Siku za Jumanne Nilikuwa Yeye

Mama yangu alibandika picha ya mtoto wa mwanamke mwingine kwenye friji yetu. Aliikata kutoka kwenye gazeti la bure, lile lililokuwa likirundikwa pale chini kwenye lango la ghorofa, akaishikiza kwa sumaku mbili, moja juu na moja chini, ili isijikunje. Katika picha hiyo Jirani yuko hewani, miguu yote miwili imeacha nyasi, na mpira umetulia viganjani mwake kama chapati kwenye sahani. Kila asubuhi, nikitaka maziwa, ilinibidi nimsukume kifuani ndipo nifike kwenye mpini wa mlango.

"Mama, hata mimi nacheza mpira," nilimwambia siku moja.

"Najua, baba. Siku wakikutoa gazetini nitakubandika hapo kando yake."

Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma. Angesema kwa ubaya ningekuwa na haki ya kununa.

Namwita Jirani kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Wao walikaa ghorofa ya tisa na sisi ya kumi na moja, Thorncliffe Park, Kanada, katika mojawapo ya yale majengo marefu ambamo lifti mbili hufanya kazi na ya tatu hukaa na karatasi ya kuomba radhi. Mama yake na mama yangu walijuana kanisani, Wakenya wote wawili, na wakaajiriwa katika nyumba moja ya kutunzia wazee. Mmoja akashika zamu ya asubuhi, mwingine ya jioni, na sisi watoto tukawa tunapokezanwa kama funguo. Tangu tukiwa na miaka kumi mpaka kumi na sita, Jirani alikula mezani kwetu siku nne kwa wiki na kulala nusu ya kitanda changu. Mama yake nilimwita Anti. Naye Jirani alimwita mama yangu Anti. Hatukuwa ndugu, lakini mtu angetuuliza, ingetubidi tufikirie kwanza kabla ya kujibu.

Watu wanaweza kukiri wivu bila aibu kubwa. Wivu una heshima yake kidogo, hata kwenye nyimbo umo. Mimi nilikuwa na kijicho, ambacho hakina wimbo. Jirani alikuwa na vidole virefu, sauti iliyovunjika mapema, na kipaji cha kushukuru chakula. "Anti, hii githeri leo umeiweza," angesema, na mama yangu angemwongeza kijiko. Mimi niliyekuwa nikila githeri hiyo hiyo ya mahindi na maharagwe tangu kuzaliwa sikuwahi kufikiri kwamba ilikuwa kitu cha kusifiwa.

Mpira wenyewe si ule tulioujua nyumbani. Mama zetu waliuita mpira wa helmeti, na walikubaliana kwamba ni vita iliyopewa refa. Mdakaji, ambaye kwetu angekuwa golikipa, huku ni yule anayechomoka mbio, kuwahadaa walinzi, kisha kugeuka na kukuta mpira unamjia kutoka mbali, kwa mrushaji. Sote wawili tulikuwa wadakaji shule ya upili. Tulicheza timu moja, yeye kulia, mimi kushoto, na mipira mingi ilikwenda kulia.

Kisha tukaenda chuo, na hapo mambo yakaharibika vizuri zaidi. Jiji letu lina zaidi ya chuo kimoja, na timu ya chuo chake na ya chuo changu zilikuwa mahasimu wa tangu zamani. Zilikutana mara moja kila vuli, na mwaka mzima uliobaki ulikuwa wa kubishana. Kwenye ukumbi wa chakula, kwenye basi, kwenye mtandao, watu waliwapima wadakaji wao na wetu kana kwamba wananunua ng'ombe: nani ana mikono, nani ana mbio, nani anaogopa kugongwa. Mimi katika mabishano hayo nilikuwa mchambuzi mkuu. Nilisema Jirani hawezi kukata kona upande wa kushoto. Nilisema anabebwa na mrushaji wao, ambaye ni hodari kiasi kwamba hata ukisimamisha kabati uwanjani litadaka. Wenzangu walinisikiliza kwa makini, maana walijua nimekua naye.

"Lakini wewe umedaka mingapi msimu huu?" mmoja wao aliniuliza.

Sikuwa nimedaka hata mmoja. Mwaka wa kwanza sikuvaa jezi, wa pili sikuvaa, na sasa ulikuwa wa tatu. Siku za mechi nilisimama pembeni na koti la timu, nikiwapa wenzangu maji. Mama hakuwahi kuja kunitazama, na simlaumu, kwani hapakuwa na cha kutazama. Ila Jumamosi ambazo hakuwa na zamu alifuatana na Anti kwenda kumtazama Jirani. Akirudi alinisimulia mechi nzima, mashavu yamemwiva kwa baridi, nami niliitikia mmm, mmm, huku nikikata sukuma wiki nyembamba kuliko inavyohitajika.

Kazi yangu halisi ilikuwa Jumanne na Jumatano. Kila timu ina kikosi cha kuiga. Wale wasiotarajiwa kucheza hupewa fulana zenye nambari za wapinzani wa wiki hiyo, huoneshwa video zao, kisha kwenye mazoezi hujifanya ndio hao wapinzani ili walinzi wetu wawazoee kabla ya Jumamosi. Ni kazi ya heshima, makocha walisema, na walisema hivyo kwa watu ambao hawakuwa na nyingine ya kuwapa. Wiki moja nilikuwa mdakaji wa timu ya mashariki aliyekimbia mabega yakiwa juu. Wiki nyingine nilikuwa jitu fulani lililopenda kujiangusha.

Wiki ya mahasimu ilipofika, kocha wa wadakaji, mzee mfupi aliyebeba daftari lake ndani ya mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua, alisimama mbele yetu na fulana nyekundu yenye nambari nane.

"Nani anamjua huyu?" aliuliza.

Wenzangu wote walinigeukia.

Akanitupia fulana. Akaniambia mmoja wa wadakaji wetu ameumia mguu, kwa hiyo Jumamosi kuna nafasi moja ya kuvaa jezi. Hakuahidi kitu. Alisema tu kwamba anataka kumwona nambari nane wiki hii, nambari nane mwenyewe, si mtu anayejaribu, na kwamba atakayeifaa timu wiki hii ndiye atakayemkumbuka Alhamisi akiandika orodha. Nilielewa. Ili nicheze dhidi ya Jirani, kwanza niwe Jirani, na niwe Jirani barabara.

Sijawahi kusoma kitu kwa bidii ile. Nilikaa kwenye chumba cha video mpaka kiti kikapata umbo langu. Mpira wa Kanada unamruhusu mdakaji kuanza kukimbia kabla mpira haujainuliwa kutoka chini, na kila mtu ana namna yake ya kuianza safari hiyo. Jirani alianza na hatua tatu ndogo, kama anayevuka dimbwi, akatua, kisha akafyatuka. Kichwa kiliinamia kulia kidogo. Mikono haikupanda juu ya kifua mpaka dakika ya mwisho. Niliyajua hayo yote tangu kwenye korido ya ghorofa ya kumi na moja, lakini sikuwahi kuyatazama kwa jicho la kutaka kuyachukua. Na nikiri, nilipoyatazama hivyo, yalinipendeza. Hiyo ndiyo karaha ya kijicho: hakuna anayeona uzuri wa mtu kama yule anayemwonea kijicho.

Ndipo nilipouona mkono.

Hapa inabidi nieleze habari ya kunawa. Mama yangu, hata baada ya miaka mingi Kanada, hata sinki ikiwa hatua tano kutoka mezani, aliwanawisha watu mezani. Alipita na jagi la plastiki na beseni, na taulo begani. Jirani hakuwahi kungoja taulo. Kama kulikuwa na nyama, alipitisha kiganja cha kulia kwenye paja, mara moja, upesi, kisha akakaa tayari. Siku za maharagwe aliacha mkono ukauke wenyewe. Nadhani hakujua kama anafanya hivyo. Mimi nilijua kwa sababu nilikaa kando yake, na kwa sababu nilikuwa nikitazama ni kipande kipi atakachopewa.

Kwenye video, Jirani yuko kwenye mstari, watu wameinama, bado hatua zile tatu. Kiganja cha kulia kikapita kwenye paja. Mpira ukarushwa kwake. Nikarudisha nyuma, nikatazama mchezo uliofuata. Mkono haukusogea, na mpira ukaenda kwa mwingine. Nikatazama mechi nzima hivyo, kisha nyingine, kisha nyingine. Mkono ulipopita, mpira ulikuja. Mkono usipopita, haukuja. Timu zote za mkoa zilikuwa zimezitazama video hizo, na hakuna aliyeona, maana hakuna aliyewahi kula naye nyama.

Ningeweza kunyamaza. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu baadaye nilijieleza kwa namna nyingi. Kumwiga mtu mwendo ni kazi, kila timu inafanya, na yeye mwenyewe angecheka akisikia. Lakini mkono ule sikuuokota kwenye video. Niliuokota mezani kwa mama, na mama hakumnawisha ili mimi nije nimuuze. Wahenga wanasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nguoni mwa Jirani tangu tukiwa na miaka kumi.

Basi nilifanya ujanja wa mtu mwoga. Sikumwambia kocha neno. Jumanne nilivaa fulana nyekundu, nikasimama kwenye mstari, na kila mpira ulipokuwa unapangwa kuja kwangu nilipitisha kiganja kwenye paja. Usipokuwa wangu, niliuacha mkono utulie. Nilijiambia naiga tu, na kuiga ndiyo kazi niliyopewa.

Kwenye mchezo wa sita kocha alipuliza filimbi. Akaja na daftari lake ndani ya plastiki.

"Hiyo ya mkono ni nini?"

"Ndivyo anavyofanya," nikasema.

"Kila mara?"

Nikatazama viatu vyangu. "Mpira ukiwa wake," nikasema.

Kocha alilitoa daftari kwenye plastiki, akaandika. Kisha akanipiga kofi la bega, zito, la upendo, kofi ambalo nililingoja miaka mitatu, na akaenda kuwaita walinzi wote. Alhamisi jina langu lilikuwa la mwisho kwenye orodha, lakini lilikuwa kwenye orodha.

Nikampigia mama simu. "Jumamosi nitavaa."

"Utavaa nini?"

"Jezi, mama. Nitacheza. Labda."

Nilisikia akiweka chini kitu alichokuwa ameshika. Akasema Bwana asifiwe, kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kuamsha mtu. Halafu akasema, "Na mwenzako atacheza? Basi nitakuja na mama yake, tukae pamoja."

Jumamosi hiyo ilikuwa ya mawingu na upepo. Nilipotoka na timu niliwatafuta kwenye viti, nikawaona katikati kabisa, mahali ambapo mashabiki wa pande mbili hukutana na kutukanana kistaarabu. Anti alikuwa na skafu ya chuo cha Jirani. Mama alikuwa amejifunga leso juu ya koti la baridi, na thamosi ya chai magotini. Jezi yangu ilinibana kwapani. Sikujali. Nilikuwa nimevaa jezi mbele ya mama yangu.

Sitasimulia mechi yote. Kila Jirani alipopitisha kiganja kwenye paja, mlinzi wetu wa nyuma alipaza sauti kusema neno walilokubaliana, na watu wawili wakamfuata badala ya mmoja. Alikimbia vilevile, hatua tatu, kutua, kufyatuka, na kila alipogeuka alikuta mkono wa mtu umekwisha fika. Nilisimama pembeni na helmeti mkononi nikimtazama. Nilidhani nitafurahi. Robo ya kwanza nilifurahi, ndiyo. Robo ya pili alianza kuitazama mikono yake kila alipokosa, kuigeuza hivi na hivi, kana kwamba kosa liko ndani ya glavu. Kuanzia hapo nilikwenda kutazama upande wa mrushaji.

Kufika robo ya nne tulikuwa tunaongoza kwa pengo ambalo halingezibika. Kocha akaniangalia, akaniashiria kwa kidevu. Nikaingia. Mchezo wa kwanza niligongana na mtu. Wa pili nilikimbia bure. Wa tatu nilianza safari, nikageuka, na mpira ulikuwa tayari angani, mkubwa kuliko nilivyouzoea. Nikaudaka. Nikapiga hatua nne au tano nao kabla ya mtu kunishusha chini, na nilipoinuka nilikuwa na nyasi kwenye meno. Huo ndio mpira pekee niliowahi kudaka katika mechi ya chuo. Nikatazama kwenye viti, na mama yangu alikuwa amesimama, mikono yote miwili juu, leso imemdondoka, na ingawa palikuwa mbali na kelele zilikuwa nyingi, nilijua kabisa kwamba anapiga vigelegele. Sijawahi kuwa na raha kama ile, na nimeoa, na nimepata watoto.

Mechi ilipokwisha Jirani alivuka uwanja kuja kwangu. Nywele zilikuwa zimemlowa, na jicho moja jekundu.

"Buda, hongera. Umedaka poa sana."

"Asante. Pole na wewe."

"Sijui nini imefanyika leo," akasema. "Hao majamaa ni kama walikuwa wanaishi ndani ya kichwa yangu."

"Siku zingine huwa hivyo," nikasema.

Akaniwekea mkono begani, tukatembea pamoja kuwaendea mama zetu, waliokuwa wameshuka mpaka kwenye uzio. Anti alimvuta kwake, akamfuta uso kwa ncha ya skafu, mwanamume mzima. Mama alinikumbatia juu ya uzio, chuma kikitubana mbavu sote wawili. Alikuwa anacheka na kulia.

"Mwanangu, umeniaibisha mbele za watu," akasema. "Si nimesimama kupiga vigelegele vya bure."

"Vya bure vipi? Nimeudaka."

"Sasa mimi hizo rangi nazijua? Mimi naangalia mwendo. Nimewatazama nyinyi mmevaa hayo masufuria kichwani, nikaona kijana anatoka vile vihatua vitatu, kichwa kimelala upande, nikajua huyo ni yule wetu. Akadaka. Nikasimama nikamshika Anti, nikamwambia, mama, ona mwanao, Mungu amemkumbuka, amepata hata kama ni mmoja. Nimepiga kelele mpaka sauti imeisha."

"Nami nikamwambia keti," akasema Anti, huku bado amemshika mwanawe. Alikuwa anatabasamu, kwa kuwa lilikuwa jambo la kuchekesha. "Nikamwambia, hizo mbio ni za wangu, lakini huyo mtoto ni wako."

Mama akacheka tena, akanipangusa nyasi kwenye kidevu. Mimi nilikuwa nafanya hesabu ndogo kichwani. Ile mikono miwili juu, ile leso iliyodondoka. Miaka mitatu nilikuwa nimeitamani furaha ile ya mama, na ilipofika, alikuwa ameituma kwa Jirani, ikapotea njia ikanifikia mimi.

Jirani hakucheka. Alikuwa amejitoa taratibu mikononi mwa mama yake na alikuwa ananitazama miguu, kisha kichwa, namna mtu anavyotazama koti lake mgongoni mwa mtu mwingine. Yeye ni mdakaji. Anajua timu hufanya nini siku za Jumanne.

"Fulana yangu ilivaliwa na nani?" akauliza, kwa sauti ya chini, ili mama zetu wasiingilie.

"Mimi," nikasema.

"Wiki yote?"

"Wiki yote."

Aliiinua mikono yake na kuitazama tena, mbele na nyuma, kama alivyokuwa akifanya uwanjani. Sikumsaidia. Nilikuwa na nafasi ya kusema, tukiwa wanne pale, na mama yangu aliyemnawisha akiwa katikati yetu, na nilifunga mdomo. Kisha akachukua mkoba wa mama yake, akamwambia waondoke asije akachelewa zamu, na wakatangulia kuelekea kituo cha basi.

Mama aliniuliza kwa nini sina furaha na tumeshinda. Nikamwambia nimechoka tu.